Picha Zetu Zinazunguka Dunia, Kasulu Hazifiki

Nitaanza na lawama, ili asiyependa ugomvi aniache mapema. Sisi watu wa nyanda za juu za Kigoma, wa Kasulu na Kibondo, tumepigwa picha kwa zaidi ya miaka thelathini. Tumepigwa tukiwa wenyeji, tumepigwa tukiwa majirani wa wakimbizi, na mara nyingine tumepigwa tukidhaniwa ndio wakimbizi wenyewe. Picha hizo zimekwenda kwenye ripoti, kalenda, mabango ya kuchangisha fedha, na kwenye kuta nyeupe za majumba ya sanaa ambako kila baada ya wiki chache maonyesho hubadilishwa. Mimi nimezaliwa Titye, nikasoma Kasulu mpaka kidato cha sita, na sijaona hata moja ikitundikwa kwetu. Watu wanaoyajua majina ya walio pichani ndio wasiooneshwa picha.

Hilo ndilo ninalogombea. Sigombei huzuni iliyomo katika picha zile. Wenzangu wa shahada ya uzamili wanapenda sana mjadala wa huzuni: je, Mwafrika aoneshwe akilia au akicheka? Tumeujadili mpaka umechacha. Ukimwonesha akicheka, bila jina, katika ukumbi ambao hakuna anayemfahamu, umebadilisha mkao tu.

Makumbusho yanayojulikana mkoani kwetu ni yale ya Ujiji. Tulipelekwa na shule, safari ya kama kilomita mia moja, tukiimba njia nzima. Ni mahali pazuri, miembe ina kivuli, na mzee aliyetupokea aliijua kazi yake. Ndani kuna sanamu mbili: Stanley na Livingstone, wanasalimiana. Mkoa mzima, wenye ziwa, reli, mikungu ya ndizi, utawala wa kimwami na karne za biashara na Kongo, unakumbukwa kwa wageni wawili kukutana mwaka 1871. Na hakuna kinachobadilika. Nenda leo, nenda baada ya miaka kumi, Stanley bado ameshika kofia yake.

Siku ile ya Ujiji haikupigwa picha. Tunachokiona vitabuni ni mchoro uliochapishwa katika kitabu cha Stanley mwaka 1872. Picha ya kamera ipo, ila ilipigwa London, ndani ya studio, mwaka huohuo: Stanley amevaa mavazi ya msafiri, na pamoja naye yupo mtoto Mwafrika. Mtoto huyo alitolewa zawadi kwa Stanley na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Kwa maandishi ya Stanley mwenyewe, mtoto alikuwa na jina, Ndugu M'Hali. Stanley hakulipenda, akamwita Kalulu. Akampeleka Uingereza, akamrudisha Afrika katika safari nyingine, na mwaka 1877 kijana akafa maji katika mto Kongo. Picha ya studio bado inazunguka. Itafute leo, utaikuta kwa jina la Kalulu. Kwa hiyo desturi hii ya kuchukua sura na kuacha jina haikuanza na mashirika ya misaada. Ina zaidi ya miaka 150, na ilipitia magharibi mwa nchi yetu.

Mwaka jana niliingia katika jumba dogo la sanaa Dar es Salaam. Sitalitaja, kwa sababu yaliyonikuta pale yangenikuta kwingine. Ni nyumba ya kawaida, vyumba vitatu vimeunganishwa, kiingilio bure, feni moja. Nilikuwa napapenda: mwezi huu utakuta picha za wavuvi, mwezi ujao harusi za zamani, mwezi unaofuata kitu ambacho hukukitarajia. Kwa mwanafunzi mwenye nauli ya daladala tu, ni mahali pachache mjini pa kukaa saa mbili ukitazama bila mtu kukuuliza unanunua nini.

Maonyesho ya mwezi ule yalihusu watu waliohama. Picha kama thelathini, nyeusi na nyeupe, zimechapishwa kwa uangalifu. Katika chumba cha pili, karibu na mlango, alikuwapo mwanamke ameketi juu ya gunia, kitenge kimefungwa kifuani, mkono shavuni. Chini yake: “Mwanamke mkimbizi akisubiri. Kigoma, 2016.”

Ni mama yangu mdogo.

Sikuhitaji kusogea. Ninalijua kovu la juu ya nyusi, alilolipata utotoni kwa kuangukia jiwe la kusagia. Ninalijua na gunia: ni maharage. Miaka ile alikuwa akinunua maharage Titye na vijiji jirani, akiyapeleka kwenye soko la pamoja karibu na kambi ya Nyarugusu, ambako wenyeji na wakimbizi waliuziana. Ni Mha, mzaliwa wa Kasulu, kadi yake ya kupigia kura imechakaa kwa kutumika. Kama amewahi kukimbia popote, ni kumkimbilia mtu anayemdai.

Nilimweleza kijana wa mapokezi. Alikuwa mpole, akanipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema picha zilikuja na maelezo yake, wao hutundika kama zilivyoletwa, na akaongeza kwa nia njema kabisa: “Hata hivyo, dada, tarehe kumi na tano zinashuka, zinakuja nyingine.”

Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyoifikiria tasnifu yangu. Kubadilishwa kwa maonyesho, kulikokuwa kunanivuta pale kila mwezi, kumbe kunaweza kuwa njia ya kutowajibika. Picha yenye uongo haisahihishwi. Inashushwa, inafungwa kwenye boksi, inakwenda kusema uongo uleule katika mji mwingine, kwa watu wengine wasiojua.

Jioni nilimpigia mama mdogo. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Nimetoka vizuri?” La pili, nimevaa kitenge kipi? Mpiga picha anamkumbuka: mtu mrefu, alisema “jambo,” akapiga, akarudi kwenye gari. Nilipomsomea maandishi, akacheka. Kuitwa mkimbizi hakukumuudhi. “Wale ni wateja wangu,” alisema, “wengine tumezikana.” Kilichomuudhi ni neno *akisubiri*. “Nani kasema nilikuwa nasubiri? Nilikuwa nakataa bei.” Akataka nakala ya kuweka sebuleni. Nakala sikuipata. Ilikuwa inauzwa, na bei yake ilikuwa ya dola.

Kukataa bei. Fikiria maonyesho yote ya “safari na mateso” yangebadilika kiasi gani kama maneno mawili hayo yangekuwa chini ya picha ile. Mkao ni uleule, mkono shavuni ni uleule, lakini mtazamaji angekuwa mbele ya mfanyabiashara mgumu aliyekaa juu ya mali yake. Ndiyo maana nasema ugomvi wangu hauko kwenye kamera. Uko kwenye mstari mmoja wa maandishi chini ya fremu, na kwenye swali la nani alikuwepo chumbani mstari huo ulipoandikwa.

Mtu atasema huyo ni mpiga picha mmoja mzembe. Haya, tumchukue aliye bora. Sebastião Salgado, Mbrazili aliyefariki mwaka 2025, alifika Benako, Ngara, mwaka 1994, baada ya zaidi ya watu 200,000 kuvuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi. Kutoka Kibondo, Ngara ni jirani zetu wa kaskazini. Picha zake za kambi ile, umati, moshi, mahema mpaka upeo wa macho, ni picha kubwa. Sijui kama kuna aliyezitazama kwa utulivu akaweza kuzisahau. Sina shida na uzuri wake. Wale wanaodai kwamba mateso yapigwe picha vibaya ili yaaminike hawajawahi kunishawishi. Susan Sontag, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu kutazama maumivu ya wengine, aliliona tatizo mahali penyewe: wanyonge katika picha za Salgado hawatajwi kwa majina, na asiyetajwa hugeuka kuwa mfano tu wa kazi yake, kabila lake au balaa lake. Majina wanapewa mashuhuri.

Naongeza neno moja kwa Sontag. Alizitazama picha zile katika miji ya watu wasiojua. Hata kama Salgado angetaka majina, nani katika ukumbi wa Paris angemnong'oneza? Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa mwishoni mwa 1996 na Benako ikabaki historia, lakini picha ziliendelea kusafiri, na mwaka 2000 zikawa sehemu ya kitabu na maonyesho makubwa. Watoto wa picha zile walio hai leo ni watu wazima wenye watoto wao. Wapo wanaoweza kujitambua, na wapo wanaoweza kumtambua mama ambaye hawana picha yake nyingine. Hakuna aliyewaita chumbani.

Na Benako ni moja tu. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walijaa Kagunga, ufukweni, wakasafirishwa kwa MV Liemba mpaka Kigoma, na Nyarugusu ikafurika. Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena mwaka huohuo. Mtendeli, Kakonko, ikafuata 2016, kisha ikafungwa 2021. Kambi ikifunguliwa, kamera zinafika pamoja na mahema. Ikifungwa, mabati yanahesabiwa, magodoro yanahesabiwa, matangi ya maji yanakabidhiwa kwa barua yenye mhuri. Picha hazimo kwenye orodha ya makabidhiano, kana kwamba hazikutoka pale.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Jina linaweza kumponza mtu. Aliyekimbia watu wenye silaha hataki watu hao wasome yuko kambi gani. Kweli. Lakini kuficha jina ni kazi ya mtu anayelijua. Huwezi kukificha kitu ambacho hukukiuliza. Andika “ameomba tusimtaje.” Ni maneno mawili, na tayari mtazamaji anajua kwamba palikuwa na mazungumzo, kwamba aliye pichani alikuwa na hiari na akaitumia. “Mwanamke mkimbizi” haimlindi mtu yeyote. Inamlinda mpiga picha asijulikane kwamba hakuuliza.

Mapingamizi mengine siyaheshimu sana. La kwanza ni la vipaumbele: Kasulu inahitaji dawa na maji, siyo makumbusho. Mimi nimekulia mahali ambako mgeni rasmi akija, mawe ya kandokando ya barabara hupakwa chokaa mpaka yang'ae, kwa hiyo naomba tusidanganyane kuhusu vipaumbele. La pili ni la vijana wenzangu: picha ziko kwenye simu, ukuta wa nini? Simu inaonesha picha kwa mtu mmoja, kidole kinapita. Halafu simu inazima, fundi anasema data hazirudi. Ukuta unawasimamisha watu wawili wasiojuana mbele ya sura moja, mmoja anasema huyu ni fulani, mwingine anasema siye, na hapo ndipo historia ya mahali inapoanza kuandikwa.

Tumeona ikifanyika jirani tu. Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda, Kampala, yalifungua maonyesho ya picha za enzi ya Idi Amin. Zilitokana na hazina ya negativu zipatazo 70,000 zilizokuwa zimehifadhiwa na shirika la utangazaji la nchi hiyo, kazi za wapiga picha wa serikali, na zikafanyiwa kazi na shirika hilo pamoja na watu wa Makerere na Chuo Kikuu cha Michigan. Sasa, picha za serikali zina tabia yake. Zinaonesha mikutano, hotuba, gwaride, Amin akicheza ngoma. Mauaji hayamo. Ukizitundika Berlin zikiwa peke yake, mtazamaji angedhani ilikuwa miaka minane ya sherehe. Lakini zilitundikwa Kampala, mjini ambako waliokuwepo bado wanatembea. Mtazamaji wa Kampala haingii mikono mitupu. Anaingia na baba aliyechukuliwa, au na shangazi aliyefaidika na duka la Mhindi aliyefukuzwa, na akisimama mbele ya picha ya gwaride anaweza kumwambia mwanawe kile ambacho kamera ilikipa kisogo. Picha zilezile, ukuta mwingine, ukweli mwingine.

Na si lazima liwe jumba la taifa. Zanzibar, Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit. Ni duka la picha. Unaingia kutoka barabarani, na kuta zimejaa masultani, mitaa, majahazi, watu waliovaa vizuri kwa ajili ya kamera. Chumba kimoja cha namna hiyo kinawaambia Wazanzibari kwamba walikuwepo, walipendeza, na waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa wakazi wenzao.

Nasi tunazo picha, tusijidharau. Wakati wa ukoloni Uha ilikuwa ghala la nguvukazi. Kuanzia 1944 chama cha waajiri wa mkonge, SILABU, kiliwakusanya wanaume wa Kasulu na Kibondo na kuwapeleka kukata mkonge Tanga na kwingineko. Waliitwa manamba, watu wa namba. Hata jina lile ni ushahidi wangu. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Kuna picha yake moja, ilipigwa studio ya Korogwe: amevaa koti ambalo hakika si lake, nyuma yake kuna pazia lenye bustani iliyochorwa, ameshika ua la plastiki kwa uso wa mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Nyuma ameandikisha jina lake, lote, majina matatu, kwa wino wa bluu. Kiwandani alikuwa namba. Studio alilipa ili awe na jina. Picha hiyo imekaa kwenye kopo la biskuti pamoja na kadi ya TANU na risiti za kahawa, na panya wameshaanza kona moja. Niambie ni nyumba ngapi kuanzia Titye mpaka Kibondo mjini zina kopo kama hilo, na wajukuu wangapi watalitupa siku ya kuhama.

Kwa hiyo ninachotaka ni chumba. Sitaki jengo jipya lenye jiwe la msingi. Ghala la ushirika lisilotumika linatosha, au darasa lililoachwa. Lami imefika Kasulu, umeme upo, na vijana wa studio za picha za pasipoti wana mashine za kuchapisha. Kamba na vibanio vya nguo vinatundika picha vizuri kuliko unavyofikiri. Picha zibadilishwe kila miezi mitatu, na hapa nasisitiza, kwa sababu nimesema vibaya kuhusu kubadilisha. Maonyesho ya kudumu kwetu yangekufa siku ya kwanza, kwa ugomvi wa nani akae ukutani: watu wa Heru watamtaka Mwami Theresa Ntare, na ni haki yao, chama kitataka viongozi, wamisionari watataka padri mwenye ndevu, na wakimbizi, ambao wengine wamezaliwa hapa, hawatatajwa kabisa. Zikibadilika, kila mtu ana zamu. Miezi mitatu manamba, miezi mitatu Kagunga, miezi mitatu harusi. Miezi mitatu vijiji vilivyohamishwa miaka ya 1970, kama kuna aliyevipiga picha kabla ya nyumba kubomolewa.

Na iwepo sheria ndogo ya halmashauri: anayepiga picha wilayani kwa ajili ya maonyesho au ripoti anaacha nakala moja iliyochapishwa. Mchapishaji wa kitabu hupeleka nakala maktaba ya taifa, na hakuna anayeita hilo uonevu. Mtafiti hutakiwa kurudisha ripoti yake alikoombea kibali. Mpiga picha ana nini cha ajabu mpaka asidaiwe?

Chini ya kila picha pasiandikwe kitu siku ya ufunguzi. Paachwe karatasi tupu na penseli, siku ya soko, mlango ukiwa wazi, waingie wauza muhogo, waendesha bodaboda na wazee waliokuja kuchukua pensheni. Penseli zifungwe kwa kamba, maana naifahamu Kasulu, na pawepo mtu wa kuwaandikia wasiojua kuandika, anayejua Kiha, Kirundi na Kiswahili. Baada ya miezi mitatu karatasi zishushwe pamoja na picha, na mpiga picha atumiwe zake, kwa anwani aliyoiacha.